Barua ya wazi kwa mnaotugawia mashine za kadi na lipa namba: tuonyesheni makato yenu

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa mabenki na kampuni za simu,
Dar es Salaam.

YAH: MAKATO YA MALIPO YA KADI NA SIMU KWENYE MADUKA MADOGO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi huku Chanika, ambako watu wanajenga chumba kimoja mwaka huu na cha pili Mungu akipenda. Nauza saruji, nondo, misumari, rangi, mabomba, na bati mtaji ukiruhusu. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Nina kijana mmoja wa kubeba, daftari la madeni ambalo sipendi kulifungua mwisho wa mwezi, na juu ya kaunta nina mashine moja ya kadi na vibao vinne vya lipa namba (ile namba ya biashara ambayo mteja analipia kwa simu), kila kimoja na rangi yake kama bendera za mkutano wa kimataifa.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimyakimya imenishinda. Tawini nimekwenda mara tatu kuuliza mashine inanikata nini. Mara ya kwanza nikaambiwa ofisa wa mashine yuko nje kikazi. Mara ya pili nilimkuta mwenzake, akanipigia hesabu kwa kalamu nyuma ya fomu ya kuwekea pesa, hesabu ikamgomea, akaniomba nirudi wiki ijayo. Mara ya tatu niliacha barua, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Sasa ni miezi saba. Huduma kwa wateja wamenipa namba nne tofauti za lalamiko langu moja, na kila nikipiga naanza kusimulia upya tangu mwanzo.

Benki yenyewe siitaji. Nimeuliza majirani zangu wa fremu, yule wa duka la dawa, wa vipuri vya bodaboda na Mangi, mwenye duka la kona. Wana mashine za benki nyingine na lipa namba za mitandao mingine, na kilio chao ni hikihiki. Barua ni yenu nyote.

Nianze na mfuko wa saruji, maana ndio mizani yangu ya kila kitu. Mfuko nauza 16,500. Mpaka unatua dukani kwangu, ukijumlisha lori na vijana wa kushusha, umeshanila 15,800. Kinachobaki ni 700, na humo ndani kuna kodi ya fremu, umeme, mshahara wa kijana, na mifuko inayoganda kila masika paa la stoo likivuja. Mashine yenu inakata asilimia 2.5. Si ya hiyo 700. Ni ya 16,500. Hiyo ni shilingi 412 na nusu. Nabaki na 287 na nusu. Yaani zaidi ya nusu ya faida ya mfuko nilioununua mimi, nikaulinda mimi na kuubeba mimi, imeondoka kwa sababu mteja amegusisha kadi.

Mwenye duka la vipodozi au nguo anaweza kuicheka hesabu hii. Anaweka faida ya asilimia 40, hiyo mbili na nusu anaimeza bila kukohoa. Lakini saruji, sukari, unga, mafuta ya kula na vocha, yaani vile vitu ambavyo watu wa kipato kidogo wananunua kila siku, havina nafasi hiyo. Ndiyo maana kwenye maduka yetu mambo yanakwenda kama yanavyokwenda, na sitaki mtu yeyote wa ofisini ajifanye hayajui. Kuna anayekwambia kadi ni kuanzia elfu hamsini. Kuna anayeongeza "ya mashine" kimoyomoyo, mteja akadhani ndiyo bei. Kuna anayekataa lipa namba na kukupa namba yake ya kawaida, kisha anakwambia uweke na ya kutolea, yaani ada ya kutoa hela kwa wakala. Hiyo "ya kutolea" sasa ni Kiswahili kamili, hata mtoto anayetumwa dukani anaijua. Na kuna yule anayekutazama machoni na kusema, "Mtandao unasumbua leo."

Huyo wa mwisho ni mimi. Nimeisema hiyo mara nyingi, mashine ikiwa imewaka na mtandao uko vizuri kabisa, Mungu anisamehe.

Niliacha kuisema mwezi uliopita. Alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, amepata mafao yake na anataka kumalizia nyumba kabla mvua hazijaanza. Mifuko 20, yaani 330,000. Akatoa kadi. Siku hiyo nikaona nisimdanganye. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Ukilipa kwa kadi itabidi uongeze 8,250 ya mashine." Akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wanafunzi wake watoro. "Mwanangu, hela si hela? Yangu inapunguaje thamani kwa kuwa imekaa kwenye kadi?" Nikaanza kumweleza benki, mtandao wa kadi, asilimia. Wateja wawili nyuma yake wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Hawa wa hardware ndio zao."

Mwalimu akapanda bodaboda hadi kwenye ATM. Alirudi baada ya saa nzima na 330,000 kwenye pindo la kanga, mwanamke wa miaka zaidi ya 60, njia ile ile ambayo vijana wanapora simu mchana. Waheshimiwa, si mlituambia mashine hizi ni kwa ajili ya usalama?

Hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Hoja zangu ni hizi.

1. Makato hayaonekani. Mauzo yangu ya kadi ya siku nzima yanaingia kwenye akaunti kama tarakimu moja, tayari yamekatwa. Nikiuza mara tisa kwa kadi, sioni mistari tisa, naona mmoja. Nikitaka kujua nimekatwa nini kwenye muamala upi, inabidi nikae usiku na risiti za mashine, nizijumlishe, nitoe kilichoingia, nigawe. Nimefanya hivyo kwa miezi miwili mfululizo. Kuna siku ilitoka asilimia 2.5 kama mkataba unavyosema. Kuna siku ilizidi, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini. Mmoja wenu alihisi labda zilikuwa kadi za nje ya nchi. Labda. Lakini mimi mtu wa Chanika nitajuaje kadi ya mteja imetoka wapi kabla hajaigusisha? Kwenye lipa namba nako makato yanabadilika kutegemea kiasi na mtandao anaotoka mteja, na jedwali la bei likibadilika naletewa meseji ndefu yenye kiunganishi ambacho kwa simu yangu ndogo hakifunguki. Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zipo, na moyo wake ni huu hasa, mtu ajue anatozwa nini na malalamiko yake yashughulikiwe. Siombi upendeleo.

2. Mmenifunga mikono kisha mkaniachia lawama. Mkataba wangu una kifungu kinachonikataza kumtoza mwenye kadi zaidi ya mwenye fedha taslimu. Nimekisoma mara nyingi, kimeandikwa kwa herufi za sisimizi. Kwa maana hiyo, kile nilichomwambia mwalimu kilikuwa kosa kimkataba, na uongo wa "mtandao unasumbua" haukuwa kosa popote. Tafakarini hilo.

Kifungu chenyewe sikipingi. Mteja ana haki ya kukuta bei moja. Ila tazameni wenzetu walivyokifikia. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2015 kwa kuweka kikomo kwenye ile sehemu inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi, asilimia 0.2 kwa kadi inayokata hela kwenye akaunti yako (debit) na 0.3 kwa kadi ya mkopo (credit). Marufuku ya kumwongezea mteja gharama kwa kadi hizo ilianza kutumika tarehe 13 Januari 2018, na Uingereza ikaanza siku hiyo hiyo. Walibana makato kwanza, ndipo wakamziba mdomo muuzaji. Mkataba wenu kwangu umeanza na kumziba mdomo muuzaji, na kikomo hakimo.

3. Hela inachelewa. Nikiuza Ijumaa jioni kwa kadi, naiona Jumatatu, na ikiangukia sikukuu naiona Jumanne. Lori la saruji linakuja Jumamosi, na mwenye lori hapokei kadi wala hadithi. Mara mbili nimekopa kwa jirani ili nilipie mzigo, wakati hela yangu mwenyewe iko kwenu. Sijawahi kuona kwenye mkataba mnanilipa chochote kwa siku hizo tatu mnazokaa nayo.

4. Miamala inarudishwa bila kuniuliza. Kijana mmoja alinunua ndoo za rangi za 85,000, akalipa kwa simu, meseji nikaipata ya kweli kabisa (siku hizi meseji za uongo tunazitambua, tunaangalia salio kwanza). Akapakia, akaondoka. Kabla ya magharibi ile hela ikazuiliwa. Kumbe yule mnunuzi amepiga simu akadai alikosea namba. Mimi nina risiti, nina kijana aliyembebea ndoo, nina hadi namba za bajaji. Nikaambiwa niende ofisini na kitambulisho ndani ya muda fulani nikathibitishe. Nilikwenda. Nilifunga duka nusu siku. Hela haikurudi, na sababu niliyopewa ni kwamba "mfumo umeshaamua". Naelewa kwamba watu wanakosea namba kweli, hata mimi nimewahi kukosea, nikafurahi kurudishiwa. Lakini kumtumia mtu hela ni jambo moja, na kununua rangi ni jingine. Malipo yaliyofanywa kwa lipa namba ya biashara, mzigo ukiwa umeshatoka, hayafai kurudishwa kwa simu ya upande mmoja.

5. Vibao ni vingi mno. Tangu mwaka 2014 mitandao yetu ilianza kuruhusu wateja kutumiana pesa kutoka mmoja kwenda mwingine, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa hazijaliota. Benki Kuu ikajenga TIPS, mfumo wa kuhamisha pesa papo hapo kati ya mabenki na mitandao, na ikaleta TANQR, msimbo mmoja wa kuskani kwa simu, ili kibao kimoja kitoshe. Lakini kila ofisa mauzo wenu anayepita hapa ananibandikia cha kwake na kunisihi niwashawishi wateja walipe kwa hicho. Kaunta yangu ni ya futi nne.

Sasa najua mtakayoyasema, maana mengine nimeshayasikia.

Mtasema gharama si yenu peke yenu. Ni kweli. Katika ile asilimia 2.5 kuna fungu la benki iliyompa mteja kadi, fungu la mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na fungu la benki iliyonipa mimi mashine. Basi niandikieni hayo mafungu matatu, kila moja na kiasi chake. Mimi nikimuuzia fundi, namwandikia saruji kivyake, nondo kivyake na usafiri kivyake. Angeniambia nini kama ningemwandikia "vifaa, jumla"?

Mtasema hakuna aliyenilazimisha kuchukua mashine. Hapo naomba tusiongopeane. Walimu, manesi, askari na wastaafu mishahara na mafao yao yanapitia benki. Vijana hela zao ziko kwenye simu tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na wengi hawatembei na noti kabisa. Nikikataa, wanavuka barabara kwa jirani.

Mtasema, na hili huwa linasemwa kwa kunong'ona, kwamba wenye maduka madogo wanakimbia malipo ya kielektroniki kwa sababu yanaacha alama na wanaogopa kodi. Wapo. Siwezi kumwapia kila mtu wa mtaa wangu. Lakini sikilizeni upande wa pili wa shilingi hiyo. Sisi ambao mauzo yetu hayazidi milioni 100 kwa mwaka tunakadiriwa kodi kwa mauzo, si kwa faida. Maana yake mfuko wa 16,500 uliolipiwa kwa kadi unahesabika kuwa mauzo ya 16,500, ingawa zile 412 sikuzishika hata kwa ncha ya kidole. Nazilipia kodi hela mlizochukua ninyi. Mwenye kuniambia nikumbatie mashine kwa moyo mweupe aanzie hapo.

Na mtasema huduma haiwezi kuwa bure. Sijaomba bure. India iliamua kuanzia Januari 2020 muuzaji asikatwe chochote kwa malipo ya UPI, mfumo wao wa kulipa kwa simu, lakini serikali yao ikalazimika kuwafidia mabenki sehemu ya gharama, na sitegemei muujiza kama huo kesho asubuhi. Mitambo inagharimu, najua. Mashine yangu ilipoharibika mlinibadilishia ndani ya siku mbili, na kwa hilo nawashukuru bila kinyongo. Tena nakiri faida ya malipo haya: noti bandia zimepungua dukani kwangu, silali na hela nyingi ndani, na ugomvi wa chenji umekwisha.

Ila mnakumbuka mwezi wa saba 2021, ilipoanza tozo ya miamala ya simu, ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000. Hapa dukani watu walirudi kwenye noti ndani ya wiki moja. Sikuhitaji mchumi wa kunieleza, niliona droo inajaa. Serikali ikasikia kelele, na mwezi wa tisa mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Tozo ile ilitangazwa bungeni, ikaandikwa magazetini, kila mtu aliijua na ndiyo maana kila mtu aliweza kuilalamikia. Makato yenu kwa muuzaji yamedumu bila kelele kwa sababu moja tu: mteja hayaoni, anaona sura yangu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nayaomba yaandikwe, yasiwe ya mdomo. Kila muamala uingie kwenye taarifa yangu na mstari wake, kiasi alicholipa mteja na kiasi mlichokata, na mafungu yake. Jedwali la makato liwe la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, libandikwe tawini na kwa kila wakala, na likibadilika tupewe taarifa siku 30 kabla, si meseji ya usiku. Kwa bidhaa za faida ndogo na malipo madogo, wekeni kikomo cha shilingi, si asilimia inayopanda bila mwisho. Hela ya Ijumaa iingie kabla lori la Jumamosi halijafika, kwani mnaweza. Mteja akinitumia hela kwa simu usiku wa manane inafika kabla sijaweka simu chini. Malipo ya lipa namba ya biashara yasirudishwe mpaka muuzaji asikilizwe. Na kile kifungu cha bei moja, ama mkiambatanishe na kikomo cha makato, ama mkiondoe.

Kuhusu hicho kifungu, nawapa taarifa mapema ili msije mkasema niliwavizia. Nitasubiri siku 30 tangu leo. Nisipopata jibu, nitatundika ubao mbele ya duka wenye bei mbili: saruji kwa taslimu 16,500, saruji kwa kadi 16,925, na chini yake maelezo kwamba 425 (asilimia 2.5 ya 16,925, kwa kukadiria) ni ya benki, si yangu. Mwalimu yule nimeshamwonyesha nitakavyouandika, akanisahihishia tahajia mahali pawili. Mkija kuchukua mashine kwa kuvunja mkataba, mtaikuta kwenye kaunta, imechajiwa.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Muuza saruji,
Chanika.

Nakala: Benki Kuu ya Tanzania